Kumbukumbu za Kikao cha Dharura, Katonga

Kikao kilifunguliwa saa kumi na robo,
si ukumbini. Ukumbini maji yamefika dirishani,
na ngege wanapita pale tulipokuwa tunapigia kura.
Tulikaa juu, njia ya Bangwe, uani kwa Bihemo,
kwenye mawe aliyokusanya ajengee choo.

Walioitika: kumi na mmoja.
Wasiofika: Zuhura, aliyehamia Uvinza kwa kaka yake
ziwa lilipoingia chumbani bila hodi.
Anastazia Bukuru, yuko kambi ya wagonjwa.
Na Mwavita,
ambaye jina lake katibu (ni mimi)
ameshindwa kulipiga mstari.

Mwenyekiti alisema tuanze na hoja moja.
Ipi?
Mwezi wa tatu maji yalipanda.
Wa tano ziwa likafungwa, samaki wapumzike;
sisi hatukuambiwa tupumzikie wapi.
Kabla vichanja havijakauka, kipindupindu.
Hayakupanga foleni kama sisi bombani,
yalikuja yamepakatana.
Ikaamuliwa: hoja zote ni moja.

Ndipo likaja suala la sanduku.
Lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja anao Bihemo,
mmoja ninao mimi, kwenye pindo la kanga,
wa tatu uko shingoni mwa Anastazia,
na Anastazia amelazwa kitanda chenye tundu,
dripu mkononi.

Nyanzobe alisema tuvunje.
Ana watoto wanne, na sufuria
iliyolala kifudifudi tangu juzi.
Alisema: nyundo ninayo.
Hakuna aliyemkaripia.
Kila mmoja aliitazama ile nyundo
kama anayetazama mlango wa nyumbani kwake.

Tausi akanyoosha mkono. Tausi mchelewaji,
ambaye faini zake zimetununulia daftari hili.
Alisema: leo nimewahi
kwa sababu sina tena pa kuchelewea.
Vueni ndala kwanza.
Tukacheka. Tukavua.
Udongo wa Bangwe ni mwekundu, una joto la mchana,
na ulikuwa pale, haukwenda popote.
Akasema: tukivunja leo, kesho tutaweka wapi?
Nina nusu ndoo ya mawese. Nani ana unga?

Nimejaribu kuandika nani alitoa nini, sikuwahi.
Kuna aliyesema kuni. Kuna aliyesema
vidonge vya kutibu maji, kumi na vinne, nilivificha,
naomba radhi.
Nyanzobe aliweka nyundo chini
akauliza mafiga yako wapi.

Kikao hakikufungwa. Kiliahirishwa siku tano.
Katika siku hizo tulikwenda wawili wawili
hadi kwenye uzio wa kambi, hatua waliyotuwekea,
tukaita: Anastazia, mwakeye!
Siku ya kwanza hakujibu.
Ya pili hakujibu.
Ya tatu muuguzi alitoka kutufukuza,
kisha akasema, haya, iteni kwa sauti, anasikia.

Alirudi akitembea kama mtu aliyebeba yai.
Ufunguo ulikuwa umepauka kwa klorini.
Tulifungua. Tukahesabu mara mbili:
laki mbili, elfu kumi na saba.
Mara ya pili hazikuongezeka.

Yaliyoamuliwa:
unga, gunia moja, ugawiwe kwa idadi ya midomo.
Choo cha Bihemo kijengwe kwanza, kabla ya chochote,
nasi tuhame mawe, tukae chini.
Hisa za Mwavita zisifungwe. Tutamnunulia kwa zamu
mpaka binti yake ajue kuweka saini.
Faini zote zimesitishwa,
isipokuwa ya Tausi,
aliyeomba mwenyewe irudishwe.
Alisema anataka kujua
kwamba kuna mahali anasubiriwa.

Mengineyo: ziwa bado halijafunguliwa.
Vichanja viwili vimepandishwa huku juu, vitupu.
Tumevifunga kamba upya.